Neno la Mwalimu Gasper na Ufunguo wa Maktaba

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwisha.

Asubuhi mstarini Mwalimu Gasper, mkuu wetu wa shule, ametangaza kwamba viranja wapya wa Kidato cha Tatu hatutathibitishwa hivi hivi. Kila mmoja atasimama mbele ya shule nzima na kuunyamazisha mstari. Peke yake. Bila kengele, bila fimbo, bila mwalimu wa zamu kusimama nyuma yake. Wanafunzi mia sita wakinyamaza, umepita. Wasiponyamaza, cheo chako anapewa mwingine.

Kisha akatupa neno la wiki. Kila Jumatatu hutupa neno moja la Kiingereza, kama mtu anayerushia kuku mahindi. La wiki hii ni authoritative. Akasema kiongozi asiye authoritative ni sawa na kibao cha njia kilichoanguka: kipo, lakini hakimwelekezi mtu. Akatutaka tulitamke wote mara tatu. Mimi nilichezesha midomo tu.

Siku yangu ni Ijumaa.

Mimi ni kiranja wa maktaba. Maktaba yenyewe zamani ilikuwa stoo ya majembe. Vitabu mia mbili na kumi na vinne, dirisha moja linaloonesha kipande cha ziwa, na bati linalovuja upande wa Jiografia. Lakini ufunguo ninao mimi! Saa ya mapumziko, wenzangu wakipigana vikumbo kwenye maandazi, mimi najifungia humo, na hakuna wa kuniuliza kwa nini sisemi. Nimeivumilia shule hii miaka mitatu kwa sababu ya chumba hicho. Nikinyang'anywa sijui nitakaa wapi. Sitii chumvi. Sijui kabisa.

Clinton anajua. Clinton ni kiranja wa michezo na sauti yake inafika Kigoma mjini kabla yake. Baada ya mstari alikuja maktabani akaanza kupima chumba kwa hatua. Sita kwa nne. Nikamwuliza anapima nini. (Nilimwuliza kimoyomoyo.) Akajieleza mwenyewe: mipira huku, jezi kule, ngoma za utamaduni pale kwenye makaratasi. Makaratasi! Alikuwa anaonesha Historia!

"Usijali, Efu," akasema. "Vitabu tutavitafutia boksi."

Boksi.

Nimefungua kamusi kubwa. Authoritative: husemwa juu ya mtu, sauti au maandishi ambayo watu huyaamini na kuyafuata, kwa kuwa yanajua yanachokisema. Nimenakili. Nimepigia mstari "sauti" na "kuyafuata". Mengine nitayasoma nikipata nafasi.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku tatu.

Utafiti. Nimeamua kutafuta mtu ambaye ni authoritative na kumchunguza kisayansi. Sikulazimika kwenda mbali. Naishi na Bibi Domitila, mama wa mama yangu, ambaye hukamua mawese uani kwetu hapa Ujiji.

Leo ilikuwa siku ya kukamua. Vijana wake wa kazi, Samson na Alphonce, walikuja kuzungusha mti wa mashine. Kazi ngumu, wanasukuma kwa vifua huku wakizunguka, chikichi zilizochemshwa zinaminywa ndani ya pipa, mafuta yanashuka mekundu kwenye sufuria. Bibi alikaa kwenye kigoda akiwapa mgongo, anachambua chikichi nyingine. Samson akasema mafuta yamekwisha, wapumzike. Bibi hakugeuka. Akasema, "Bado." Wakazunguka. Mafuta yakatoka tena! Baadaye, bado hajageuka, akasema, "Basi." Wakaacha katikati ya hatua. Mguu wa Alphonce ulibaki hewani kidogo.

Mia sita wangapi hao kwa Bibi? Angewanyamazisha huku anamenya muhogo.

Nimeandika niliyoyaona. Kwanza, hamtazami mtu. Pili, neno moja moja. Tatu, na hili ndilo kubwa: hasalimii wa kwanza. Vijana walipofika waliinama wakapiga makofi ya heshima wakasema "Mwidiwe", na yeye akasubiri wamalize ndipo akaitikia. Siri ndiyo hiyo! Mtu authoritative husubiri kusalimiwa.

Baadaye nimetunga sentensi za matumizi. Honi ya meli bandarini ni authoritative. Ikilia, hata mwalimu wa Hesabu hukatiza mfano. Mbwa wa jirani si authoritative. Anabweka tangu Pasaka na hakuna aliyehama. Eufrasia ni (nimeacha nafasi).

Nimemwonesha Shadia, rafiki yangu, tunakaa dawati moja. Kacheka mpaka kikohozi. Akasema mimi nisubiri kusalimiwa? Mimi ambaye huwa nasalimia hata viti nikiingia darasani? Nikamwambia utafiti ni utafiti. Akasema haya, profesa.

Jumatano, 8 Oktoba

Maafa.

Asubuhi nilijaribu kwa Kidato cha Kwanza. Nilisimama karibu na bomba, shingo juu, sitazami mtu. Wanne walinisalimia. Wengine kama kumi walikinga ndoo zao pembeni yangu kana kwamba mimi ni sehemu ya bomba. Mmoja aliniomba nimshikie kata. Nikashika.

Wanne si haba. Nilirudi nyumbani nikiwa na moyo. Na hapo kwenye njia ya kwetu nikakutana na Mzee Januari.

Mzee Januari ni balozi wa nyumba kumi. Ana miaka zaidi ya sabini na alinibeba siku ya ubatizo wangu. Alikuwa anakokota baiskeli yenye gunia la mkaa. Mimi nilikuwa bado nimo ndani ya zoezi. Sijui shetani gani alinishika. Nikasimama. Shingo juu. Nikasubiri.

Mzee naye akasimama. Akasubiri shikamoo yake. Tukasubiri wote wawili. Jua linachoma, jasho linanitiririka mgongoni, kuku mmoja akapita katikati yetu taratibu kama anayepita msibani. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka! Lakini muda ulikuwa umeshapita mno, na shikamoo iliyochelewa kiasi hicho unaianzaje?

Mzee akaegemeza baiskeli. Akanisogelea, akaniangalia machoni, akaniangalia shingoni.

"Eufrasia, mwanangu," akasema polepole, "umemeza nini?"

Nikatikisa kichwa. Akaacha mkaa njiani akaenda kwa Bibi karibu na kukimbia.

Kufikia saa kumi na moja uani kwetu pamejaa watu. Mjukuu wa Domitila amepotewa na sauti! Amesimama njiani kama mti, hata salamu haitoki! Mama wa jirani akaleta ndizi. Katekista akaja kusali. Mama yake Shadia akaja na visomo vyake na limau tano. Kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyewahi kupatwa na hivyo hivyo, na karibu wote wamekufa. Shadia alisimama nyuma ya mama yake ameuma kanga, machozi yanamtoka. Wakadhani analia.

Ningeweza kueleza. Lakini kueleza ingebidi niseme kwamba mimi, msichana wa miaka kumi na sita, nilikuwa nangoja balozi wa nyumba kumi anisalimie wa kwanza. Mbele ya watu wote wale! Bora ugonjwa.

Bibi amenipa kijiko cha mawese ya moto yenye tangawizi. Kisha kingine. Kisha ametoa hukumu: mwana wanje, yaani mwanangu, hatasema neno lolote mpaka Jumapili, sauti ipumzike. Mpaka Jumapili! Mtihani wangu ni keshokutwa!

Nikafungua mdomo.

"Basi," akasema Bibi.

Nikaufunga.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku moja. Sina sauti na sauti ninayo.

Bibi si mtu wa kufanya mambo nusu. Alimtuma Mzee Januari shuleni kabla sijafika, akamweleze mkuu kwamba mtoto asipigishwe kelele. Mwalimu Gasper ameniita ofisini. Akasema pole sana. Akasema hata hivyo utaratibu ni utaratibu, orodha inakwenda kwa afisa elimu Jumatatu. Kama kesho mstari hautanyamaza kwa sababu yangu, atakata jina langu. Alikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Nilitazama kalamu muda wote. Akaniuliza nimeelewa. Nikainamisha kichwa. Mezani kwake kulikuwa na kifutio, na nilitamani kukiiba.

Kutoka nje, nakuta Clinton ameshaweka neti ya mipira mlangoni mwa maktaba. Mipira saba. Akasema anaizoesha mazingira.

Nilijifungia ndani nikakaa sakafuni upande wa Jiografia. Kisha nikapata akili. Sauti sina, lakini Shadia anayo ya kutosha watu watatu! Nikamwandikia karatasi: kesho nikiinua mkono, wewe na wasichana wote wa Kidato cha Tatu B mnyamaze papo hapo, na muwafinye walio karibu. Ukimya utasambaa kama mafuta kwenye karatasi. Ni siri.

Shadia akasoma, akasema mpango mtamu. Akaomba malipo: kitabu chochote cha mapenzi, bila tarehe ya kurudisha. Roho iliniuma. Nikakubali.

Kosa langu ni kumwandikia Shadia neno "siri". Aliwaambia rafiki zake wawili tu. Hao nao waliwaambia wawili wawili. Wewe piga hesabu. Saa nane mchana Clinton alikuja dirishani kwangu anatabasamu. Amesikia. Naye amezungumza na wavulana wa Kidato cha Pili: kesho nikiinua mkono tu, watashangilia kama nimefunga goli.

"Efu," akasema, "kesho utapigiwa shangwe mpaka Kibirizi wajue."

Akagonga dirisha mara mbili akaenda zake.

Sijala. Bibi kadhani ni koo. Kijiko kingine.

Ijumaa, 10 Oktoba

 Nitaandika yote kwa mpangilio.

Nilipotoka nyumbani Bibi aliniuliza kama nimeelewa agizo lake. Nikainamisha kichwa. Sikusema uongo. Sikusema kitu.

Saa moja na nusu, mstari. Wingu zito juu ya ziwa. Mia sita. Walimu wamekaa barazani kama mahakama, Mwalimu Gasper katikati, kalamu ile ile mfukoni, kifuniko chake chekundu kinaonekana. Nikaitwa.

Nilipanda ngazi tatu nimebeba daftari la kuazimia vitabu. Sikuwa na sababu ya kulibeba. Nilitaka tu kitu cha kukumbatia.

Nikainua mkono.

Shangwe! Filimbi! Kidato cha Pili wanaruka. Mtu anapiga ndoo. Kidato cha Tatu B walinyamaza kweli, Mungu awabariki, lakini kunyamaza kwao nani angekusikia? Nilimwona Shadia anamfinya mvulana mmoja, na mvulana anapiga yowe, kelele zikazidi. Clinton amekunja mikono, anacheka.

Nikasema, "Nyamazeni." Hata mimi sikujisikia.

Nikasema tena. Mwalimu wa zamu akatazama saa. Mwalimu Gasper akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kalamu. Akafungua kifuniko!

Sikuwa na neno lingine lolote kichwani. Nilikuwa na daftari tu. Nikalifungua mahali palipofunguka nikaanza kusoma, kwa sababu kusoma ndicho kitu pekee ninachoweza kufanya mbele za watu bila kufa.

"Wilfred Alphonce, Kidato cha Nne A. Misingi ya Kemia. Alichukua tarehe tatu Machi mwaka jana. Alisema anarudisha kesho."

Wale wa mbele wakamgeukia Wilfred. Wakacheka. Wa nyuma wakauliza nimesema nini.

"Kudra Bariki, Kidato cha Nne B. Ramani za Afrika. Karatasi ya Ziwa Tanganyika imechanwa. Naijua. Ilitoka nzima."

"Amesema nani?" "Nyamaza wewe, nisikie!" "Shii!" Kidato cha Nne wakawa mawe. Mwezi ujao wanamaliza, na fomu ya kuondokea haipigwi muhuri bila saini ya maktaba. Wengine nao wanataka kusikia wa jirani, na kila mmoja anaogopa la kwake. Na mimi nasoma kwa kunong'ona. Kunisikia ni mpaka uache hata kupumua. Ndoo ikaacha kulia. Filimbi zikakata. Nikasoma majina tisa, tarehe, hali ya jalada, doa la chai ukurasa gani.

"Clinton Gervasi, Kidato cha Tatu A. Adabu za Kumwandikia Mchumba Barua. Amekiongezea muda mara nne."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha. Hawakucheka, wasije wakapitwa na jina linalofuata.

Nami nikatazama jina linalofuata.

Mwalimu Gasper. Kuwa Kiongozi kwa Siku Thelathini. Alichukua Januari, miaka minne iliyopita.

Ningeweza kuruka mstari. Nani angejua? Kalamu iko wazi mkononi mwake. Chumba changu, dirisha langu, vyote viko kwenye ncha ya kalamu ile. Lakini daftari lina mpangilio. Ukiruka jina moja, yale mengine uliyasoma kwa nini?

Nikasoma. Jina, kitabu, tarehe. Mpaka na "hajasema lini anarudisha".

Kimya. Kimya ambacho sijawahi kukisikia shuleni. Nilisikia kamba ya bendera inagonga mlingoti. Tone moja la mvua likaanguka juu ya daftari.

Mwalimu Gasper akasimama. Nikakumbatia daftari.

"Jumatatu," akasema. "Nitaleta Jumatatu." Kisha: "Endelea, kiranja."

Sikuendelea. Nilishuka ngazi nikaenda kutapika nyuma ya darasa la Sayansi Kimu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Bibi amejua. Mzee Januari ana mjukuu Kidato cha Pili. Adhabu yangu kwa kuvunja agizo: nimesukuma mti wa mashine asubuhi nzima, upande wa Samson. Kifua kinauma.

Nikiwa nazunguka nimetafakari kilichotokea jana. Walinyamaza. Kwa nini? Nimechambua kila kitu. Si neno moja moja, maana nilisema mengi. Si kutowatazama, maana nilimtazama Wilfred. Kilichobaki ni kimoja tu: nilipokuwa nasoma, jua lilinipiga kwenye mwanya wa wingu na nikakunja nyusi.

Nyusi!

Nimemweleza Bibi nadharia hii. Akamwambia Alphonce amwage maji ya chikichi.

Lakini hofu haijaisha. Umemtaja mkuu wa shule mbele ya mia sita, halafu ungoje Jumatatu. Orodha inakwenda kwa afisa elimu. Kalamu sikuiona ikifungwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Orodha imebandikwa kabla ya mstari. Nimeisoma mara tano.

Kiranja wa nidhamu na mstari: Eufrasia Nehemia.

Kiranja wa michezo na maktaba: Clinton Gervasi.

Mwalimu Gasper amenieleza kwamba kipaji cha namna yangu hakiwezi kufungiwa stoo. Amenipongeza sana. Akanikabidhi kitabu chake, amekifunga kwa gazeti, kwa mikono miwili. Nilitaka kusema: mwalimu, hapana, nirudishie chumba changu, chukua mstari wote na mia sita wake. Nimesema, "Asante, mwalimu."

Kwa hiyo nimeshindwa. Naandika hivyo bila kujificha.

Saa ya mapumziko nilikwenda kumkabidhi Clinton. Nje ya maktaba kulikuwa na foleni mpaka kwenye mlingoti. Watu wamekuja kurudisha vitabu, vingine havimo hata kwenye daftari, kimoja ni cha shule ya Kidahwe. Clinton ameketi katikati ya marundo, jasho linamtoka. Akaniomba, "Dada Efu, hivi vinakaa wapi?" Dada! Yeye ananizidi miezi mitano!

Imebidi nimwelekeze. Kemia rafu ya pili. Jiografia isiguse ukuta ule, panavuja. Mipira haiwezi kukaa humu, unyevunyevu utaiozesha, apeleke ofisi ya michezo. Ngoma vilevile. Akabeba vyote akapeleka. Akarudi akauliza ufunguo ahifadhi wapi, kwa sababu jioni ana mazoezi ya mpira na yeye hupoteza vitu. Nikamwambia nitakaa nao mimi, na nitafungua mimi, na saa ya mapumziko asiruhusu mtu kunisumbua humo ndani. Akasema sawa. Wa kwenye foleni nao wakasema sawa, ingawa sikuwa nasema nao.

Inasikitisha. Kijana mkubwa vile, sauti yote ile, na hana hata chembe ya authoritative. Anafuata tu anachoambiwa.

Kwa upande wangu, bado nina kazi. Niko maktabani, nimefunga kwa ndani, mvua inapiga bati. Nimerudi kwenye ile sentensi niliyoiachia nafasi. Nimeijaza: Eufrasia ni authoritative kidogo mno.

Kesho naanza nyusi. Dakika ishirini asubuhi, ishirini jioni. Shadia ataniazima kioo.